Uingereza: Kutafuta kazi ya kulea watoto huku ukisoma chuoni

Katika barua na simu tunazopokea kutoka kwa wasikilizaji wetu walioko Uingereza, kuna swali moja ambalo hurudi kila unapokaribia mwezi wa Septemba, wakati vyuo vinapoandikisha wanafunzi wapya. Anayeuliza aghalabu huwa ni mama ambaye huko nyumbani, iwe ni Tanga, Mombasa au Bukavu, alilea watoto maisha yake yote, wa kwake na wa ndugu zake, na sasa angependa kuifanya kazi hiyo kwa mshahara. Anauliza: je, nianze na chuo, au nianze kwa kutafuta kazi? Kwani saa za siku hazitoshi kwa yote mawili.

Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa upande wa England peke yake, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao wenyewe.

Nikiri mapema kwamba suala hili silitazami kwa mbali. Mdogo wangu aliwasili London mwaka 2018 kumfuata mumewe, mkononi akiwa na cheti cha ualimu wa chekechea na barua tatu za sifa njema zilizopigwa mihuri. Alidhani kwamba baada ya mwezi mmoja au miwili angekuwa kazini. Ilimchukua zaidi ya miaka minne. Sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kwa sababu sisi sote, mimi nikiwa wa kwanza, tulimshauri apate kwanza kazi, chuo kitafuata. Tulikosea, na sababu za kosa hilo zinastahili kuelezwa kwa kirefu.

Hesabu ya meneja

Mtu anayeomba kazi katika kituo cha kulelea watoto hudhani kwamba meneja anapima upole wake na mapenzi yake kwa watoto. Hayo hupimwa, lakini baadaye. Jambo la kwanza analolitazama meneja ni hesabu.

Sheria ya England inapanga idadi ya watoto ambao mlezi mmoja anaweza kuwaangalia. Kwa watoto walio chini ya miaka miwili, mlezi mmoja ni kwa watoto watatu. Kwa watoto wa miaka miwili, ni mlezi mmoja kwa watoto watano. Kabla ya Septemba 2023 walikuwa wanne. Kwa wenye miaka mitatu na zaidi, kwa kawaida ni mlezi mmoja kwa watoto wanane, au 13 iwapo yupo mwalimu mwenye shahada inayotambuliwa.

Sheria haiishii hapo. Katika vyumba vya watoto wadogo, angalau mlezi mmoja lazima awe na cheti cha ngazi ya tatu, na katika waliobaki, angalau nusu wawe na cheti cha ngazi ya pili. Chukua chumba chenye watoto wachanga 12. Kinahitaji walezi wanne. Mmoja ni wa ngazi ya tatu. Wamebaki watatu, na kwa kuwa mtu hagawanyiki nusu, wawili kati yao ni lazima wawe na ngazi ya pili. Nafasi inayobaki kwa mtu asiye na cheti kinachotambuliwa ni moja tu, na huenda imekwisha kushikwa na kijana wa miaka 17 anayefanya mafunzo.

Kwa hiyo mama aliyelea watoto kwa miaka 20, lakini hana karatasi, anashindania nafasi moja katika kila nne. Siku atakapopata cheti cha ngazi ya pili, ambacho kwa masomo ya jioni huweza kukamilika katika muda wa mwaka mmoja hivi, anahamia upande wa pili wa hesabu, upande ambao meneja ndiye anayetafuta mtu. Na vituo vingi vinatafuta, hasa tangu serikali ilipopanua saa za malezi ya bure kwa wazazi wanaofanya kazi, hatua kwa hatua kuanzia Aprili 2024, hadi kufikia saa 30 kwa wiki kwa watoto wa kuanzia miezi tisa ilipofika Septemba 2025.

Vyeti vya nyumbani si kwamba havina thamani. Ipo taasisi iitwayo UK ENIC, ambayo hadi mwaka 2021 ilijulikana kwa jina la UK NARIC, inayolinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza. Ni vyema kuiendea mapema, kabla ya kulipa karo ya kozi ambayo pengine huihitaji. Lakini usisimamishe mambo mengine yote ukisubiri jibu lake.

Karatasi zinazotegemeana

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Kituo cha watoto kinataka mwenye cheti. Chuo nacho, ili kitoe cheti, kinamtaka mwanafunzi afanye mafunzo kwa vitendo ndani ya kituo cha watoto, kwa kuwa sehemu ya mtihani ni kutazamwa ukiwa kazini na watoto halisi. Na kituo hakikuruhusu kukaa peke yako na mtoto mpaka uchunguzwe rekodi ya uhalifu.

Uchunguzi huo hufanywa na idara iitwayo Disclosure and Barring Service, kwa kifupi DBS. Iliundwa mwaka 2012 na kuchukua nafasi ya ile ya CRB, ingawa mashangazi wengi wa mashariki ya London bado huiita CRB, na ushauri wao mwingine nao una umri huohuo. Anayetaka kuajiriwa kuwalea watoto huhitaji uchunguzi wa daraja la juu, na huo hajiombei mwenyewe. Huombewa na mwajiri, au na chuo kinachompeleka katika mafunzo. Maana yake ni kwamba anayejiandikisha chuoni huweza kupata karatasi ambayo anayetafuta kazi peke yake hawezi kuipata mpaka aajiriwe.

Yako mambo mawili ambayo wageni hawaambiwi mapema. La kwanza, cheti hicho kikishatolewa, mhusika ana siku 30 za kujiunga na huduma ya kukihuisha, kwa ada ya kila mwaka, ili mwajiri wa pili na wa tatu waweze kukikagua bila kuanza upya. Siku 30 zikipita bila kujiunga, nafasi kwa cheti hicho imepotea. La pili, DBS haioni yaliyotokea Dodoma wala Kisumu, na kwa mtu aliyeishi nje vituo hutakiwa kufanya uchunguzi wa ziada. Kwa hiyo ni busara kuomba cheti cha mwenendo mwema cha polisi kutoka Kenya au Tanzania kabla hakijaulizwa, maana mambo ya alama za vidole, ubalozi na posta yana mwendo wake.

Halafu kuna wadhamini, yaani watu wa kukuelezea. Mdogo wangu alikuwa na zile barua tatu za mihuri, kila moja ikianza kwa maneno ya kuwaambia wote wanaohusika. Kwetu barua ya namna hiyo ni hazina. Watu huitia nailoni isichakae. Hapa haina kazi. Utaratibu uliokazwa Septemba 2025 unavielekeza vituo visipokee barua za jumla za aina hiyo, visipokee maelezo kutoka kwa jamaa wa mwombaji, bali vimwandikie mtu mwenye madaraka kazini kwake na kuhakikisha kwamba ni yeye kweli aliyejibu. Kwa ambaye hajawahi kuajiriwa kulea watoto, maelezo yanaweza kutoka kwa mwajiri wake wa sasa au mahali anaposoma. Huyo wa mahali anaposoma ni mwalimu wake wa chuo. Mwanamke aliyefika nchini juzi, asiye na bosi hata mmoja wa kumtaja, baada ya muhula mmoja wa masomo ya jioni anaye mtu wa kumtaja.

Ndiyo maana nasema kwamba swali la kipi kitangulie, chuo au kazi, limekaa vibaya. Katika fani nyingine masomo huula muda wa kutafuta kazi. Katika malezi ya watoto, chuo kinatengeneza zile karatasi ambazo kazi inazidai, moja baada ya nyingine.

Kuna mafunzo mafupi yanayofaa kufanywa hata kabla ya Septemba: huduma ya kwanza kwa watoto. Kozi kamili ni saa 12, mara nyingi Jumamosi mbili, na cheti chake hudumu miaka mitatu. Waliopata ngazi ya pili au ya tatu baada ya Juni 2016 hawahesabiwi katika idadi ya walezi miezi mitatu ikipita kazini bila mafunzo hayo, na tangu Septemba 2025 hata wanafunzi hawahesabiwi bila ya hayo. Mwombaji aliyekwisha kuwa nacho humwondolea meneja gharama na usumbufu.

Nani atamlea mtoto wa mlezi?

Yote niliyoyaeleza hayana maana ikiwa mama huyo ana mtoto mdogo na hakuna wa kumwachia. Hili ndilo linalowaangusha wengi, na ndilo ambalo vitabu vya maelezo vya vyuo huligusa kwa sentensi moja.

Mdogo wangu alijiandikisha Septemba 2021. Hakuweza kabla ya hapo, kwani ruzuku ya masomo ya watu wazima kwa kawaida humtaka mtu awe ameishi nchini kwa miaka mitatu. Waliokwisha kukubaliwa kuwa wakimbizi hawasubiri hivyo. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu. Alfajiri alisafisha ofisi, mumewe akiwa bado nyumbani. Jumatano jioni alikuwa darasani, mumewe amerudi. Mpaka hapo ratiba ilikuwa inakwenda. Tatizo lilikuwa asubuhi mbili za mafunzo kwa vitendo, Jumanne na Alhamisi, wakati mume yuko kazini.

Alimpata jirani, mama wa Pemba, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye sote tulimwita mama mdogo. Asubuhi nzima mtoto alikuwa kwake, na mdogo wangu akimpa pauni 20. Hakuna aliyeona ubaya.

Kisha likaja somo la usalama wa watoto, na mwalimu akaeleza sheria. Anayemlea nyumbani kwake mtoto wa chini ya miaka minane kwa malipo, kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, ni lazima asajiliwe na Ofsted, ile mamlaka ya ukaguzi wa shule na malezi, au na wakala aliyeidhinishwa. Jamaa wameachwa nje ya sharti hilo: bibi, babu, shangazi, mjomba, kaka na dada. Lakini shangazi anayetambuliwa na sheria ya Kiingereza ni wa damu au wa ndoa. Mama mdogo wa heshima, ambaye kwetu sisi ni ndugu kamili, kwa sheria hiyo ni mgeni. Mdogo wangu alinipigia simu usiku ule akiwa bado kituoni akisubiri basi. Alikuwa amekaa darasani akiandika maelezo ya kosa ambalo yeye na mama mdogo walikuwa wakilitenda kila Jumanne na Alhamisi, wala hakumwambia mwalimu.

Wengi wako katika hali hiyo bila kujua. Si wageni peke yao, kwani mwaka 2009 Ofsted iliwaambia askari polisi wawili wa kike, Waingereza, kwamba mpango wao wa kupokezana watoto kwa zamu ulikuwa kinyume cha sheria, ingawa hapakuwa na fedha iliyopita kati yao. Kelele zilikuwa kubwa, na serikali ikatangaza kwamba marafiki wanaolelewana watoto bila kulipana hawatahitaji usajili. Huo ndio mlango ambao mdogo wangu aliutumia. Zile pauni 20 zilikoma. Badala yake Jumamosi alikaa na wajukuu wa mama mdogo. Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yake ya kuandika kazi za chuo, kwa hiyo akawa anaziandika usiku, mtoto akiwa amelala.

Nafuu ilikuja mtoto alipotimiza miaka mitatu. Kila mtoto wa miaka mitatu au minne nchini England hupewa saa 15 za bure kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, mzazi awe anafanya kazi au hafanyi. Huanza muhula unaofuata siku ya kuzaliwa. Mtoto huyu alizaliwa Januari, basi zikaanza Aprili 2022. Zile saa 30 ni jambo jingine: zinawataka wazazi wote wawili wawe na kipato, kila mmoja angalau sawa na saa 16 kwa wiki za kima cha chini cha mshahara. Anayesoma tu hazipati. Nimewasikia watu wakijiandikisha chuoni kwa matumaini ya saa 30 hizo, na baadaye wakaacha masomo katikati. Mwanafunzi mwenye miaka 20 na zaidi aulize chuoni kuhusu mfuko wa kuwasaidia wanafunzi, ambao unaweza kulipia malezi katika kituo kilichosajiliwa. Mfuko huo si wa haki, ni wa hiari ya chuo, na huisha. Wanaouliza Agosti hukuta fedha, wanaouliza Novemba huelezwa habari za mwakani.

Fedha, na kujitolea kusiko na mwisho

Kuhusu karo sitasema mengi. Mwaka 2021 serikali ilianza kugharimia baadhi ya kozi za ngazi ya tatu, malezi ya watoto yakiwemo, kwa watu wazima wasio na cheti cha kiwango hicho, na mwaka uliofuata ikawaongeza wenye kipato cha chini. Wasioingia humo kuna mkopo wa masomo ya watu wazima, ambao haulipwi mpaka kipato kifike kiwango fulani. Mkopo huo una riba, na kwa baadhi ya wasikilizaji wetu Waislamu hilo hulifunga suala.

Njia ya uanagenzi inafaa kufikiriwa kwa dhati, kwa kuwa inaunganisha kazi na masomo katika mkataba mmoja, na haina kikomo cha umri. Kasoro yake ni mshahara wa mwaka wa kwanza. Viwango vya Aprili 2025 vilikuwa pauni 7.55 kwa saa kwa mwanagenzi, wakati mfanyakazi wa kawaida wa miaka 21 na zaidi alistahili 12.21. Wapo waajiri wanaolipa zaidi ya hicho kiwango cha chini, na si utovu wa adabu kuuliza wakati wa usaili.

Walio na viza ya wanafunzi wasome masharti yao kabla ya kukubali lolote. Kwa kawaida wanaosoma shahada huruhusiwa saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na wanaosoma chini ya kiwango hicho saa 10. Hawaruhusiwi kujiajiri, na mlezi anayelea watoto nyumbani kwake kwa malipo huhesabiwa kuwa amejiajiri.

Kuna jambo moja ambalo huniudhi mpaka leo. Kituo ambacho mdogo wangu alijitolea mwanzoni, kabla chuo hakijampangia kingine, kilimweka miezi mitano bila malipo, kila mwezi kikimwambia kwamba nafasi itatokea. Alikuwa akibadilisha nepi, akilaza watoto na kufagia, kazi zilezile za aliyelipwa. Kujitolea kuna faida kwa anayehitaji kutazamwa kazini na kupata mtu wa kumwelezea. Lakini mwanafunzi na apatane tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, ni saa ngapi ambazo chuo kinazihitaji na ni tarehe gani zitakwisha. Tarehe ikifika, aondoke hata kama watoto wamemzoea. Wanaomzoea mapema kuliko wote, kwa uzoefu wangu, ni mameneja.

Alimaliza ngazi ya pili Desemba 2022. Wiki sita baadaye alikuwa na kazi ya kulipwa, umbali wa vituo viwili vya basi kutoka nyumbani, na Septemba 2024 mwajiri wake alimwandikisha ngazi ya tatu. Wenye habari za zamani walimtisha kuhusu mtihani wa hesabu. Sharti hilo kwa walezi wa ngazi ya tatu liliondolewa Januari 2024, likabaki kwa mameneja. La Kiingereza ndilo linalodumu.

Mama mdogo naye ameomba kusajiliwa na Ofsted. Amekwisha kufanya zile Jumamosi mbili za huduma ya kwanza, na sasa anawasubiri wanawe wawili wa kiume, ambao wamezidi miaka 16 na wanaishi naye, wajaze fomu zao za DBS, kwani kila mtu mzima wa nyumba hiyo ni lazima achunguzwe. Mmoja amejaza. Wa pili anasema atajaza Jumapili.